Robo Karne ya Kusikiliza: Refugee Law Project na Majirani Zake wa Kisenyi

Ukitoka Kisenyi, mtaa wa Kampala, ukayapita magereji na maduka ya Wasomali, ukapanda kilima cha Old Kampala, huchelewi kufika kwenye ofisi zinazoamua hatima ya wakimbizi wa mjini. Idara ya Wakimbizi ya Ofisi ya Waziri Mkuu iko huko. Na huko ndiko ilikoweka makao Refugee Law Project, iliyozaliwa Novemba 1999 katika Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Makerere.

Chimbuko lake ni utafiti. Mwanaanthropolojia Barbara Harrell-Bond na mwanasheria Guglielmo Verdirame walichunguza hali ya wakimbizi Kenya na Uganda, wakakuta haki zilizojaa kwenye mikataba hazimfikii mwenyewe. Uganda ilikuwa bado na sheria ya 1960, iliyomwona mkimbizi kuwa mgeni wa kudhibitiwa. Mpya ilipitishwa 2006. Mkimbizi alitakiwa akae Nakivale au makazi mengine ya shamba. Aliyekuja kutafuta riziki Kisenyi alihesabiwa kama hayupo, mpaka taasisi, wakati huo chini ya Zachary Lomo, ilipoanza kutoa ripoti juu ya wakimbizi wa mjini, ya kwanza mwaka 2002.

Kazi ya kila siku ilikuwa kuandika maelezo ya waomba hifadhi. Fomu ina maswali yake: ulikimbia lini, nani alikutishia, ulivukia mpaka gani? Mama aliyeondoka Mogadishu baada ya Siad Barre kuanguka, Januari 1991, ana mengi yasiyoulizwa humo: jirani aliyemficha, mtoto aliyemzika njiani, aibu ambayo hata mumewe haijui. Akibabaika kwenye tarehe, afisa humshuku kuwa mwongo. Msikilizaji wa historia, kwa maoni yangu, angeanzia papo hapo anapobabaika.

Kusikiliza kwa namna hiyo ndiko kulikoibadilisha taasisi, hasa alipoiongoza Chris Dolan. Mwaka 2009 ilitoa filamu ya Gender Against Men, ambamo wanaume walionajisiwa vitani walizungumza, jambo ambalo watetezi wengi wa haki za binadamu walikuwa wakilikwepa. Wakimbizi wanaume waliopatwa na hayo wakaunda chama chao Kampala, Men of Hope. Kitgum, kwenye nchi ya Waacholi, kikajengwa kituo cha kitaifa cha kumbukumbu na amani, na kutoka huko maonyesho ya shuhuda na vitu vya vita yakazungushwa hadi Luwero, Kasese na Arua. Watu wa Luwero, waliodhani hakuna vita kama vya kwao, wakakutana na vita vya Waacholi.

Mwaka 2014 serikali ilisimamisha huduma za taasisi hiyo kwa wakimbizi kwa tuhuma za kueneza ushoga. Taasisi iliyothubutu kuwasikiliza wanaume waliobakwa ilikuwa shabaha rahisi. Mwaka huohuo ilichapisha orodha ya migogoro ya Uganda, ikapita mia.

Kisenyi nako kuna kumbukumbu zilizopandana. Machi 2007 askari wa Uganda walitua Mogadishu. Julai 11, 2010, kwa kulipiza, Al-Shabaab, kundi walilokuwa wakipigana nalo huko, wakalipua mabomu Kampala usiku wa fainali ya Kombe la Dunia, watu zaidi ya 70 wakafa. Msomali aliyemkimbia mwenye bunduki kwao akawa mshukiwa ugenini. Anayesimulia maisha yake hapa anasimulia vita viwili, na vya pili havina ukurasa kwenye fomu. Tena Wasomali wa Kisenyi wamechoka kuhojiwa: mtafiti huja, hurekodi, huondoka.

Wale waliofika 1991 sasa wana wajukuu. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ilitamka kuwa mkimbizi anaweza kuomba uraia wa tajnisi, ambao sheria huuwekea sharti la kuishi nchini miaka 20. Mwombaji atatakiwa tena aeleze alikotoka na alikoishi, mbele ya afisa mwingine, na safari hii bibi aliyezijua tarehe huenda hayupo.