Mbiu, Ubao na Gazeti: Jinsi Miji ya Mrima Ilivyopashwa Habari za Utawala

Katika miji midogo ya Mrima, tangu Vanga hata Kilwa, neno la utawala halikuhesabiwa kuwa limefika mjini mpaka litangazwe kwa sauti, katika njia na viwanja ambako kila mtu, mwungwana na asiye mwungwana, mwenyeji na mgeni, aliweza kulisikia kwa masikio yake. Waandishi wa historia yetu wamesimulia kwa urefu nasaba za masultani, vita vyao na majahazi yao, na jambo hilo ni jema. Lakini ni wachache waliotia nia ya kuuliza swali ninaloliona mimi kuwa halipungui uzito wa hayo yote, yaani, mtu wa kawaida wa Pangani au Bagamoyo, asiye na cheo wala ukoo wa kutajwa, alijuaje kwamba ushuru umebadilika, kwamba ndui imeingia mji wa jirani, au kwamba wazee wamekata shauri juu ya kisima kinachogombewa?

Alijua kwa mbiu. Hiyo ilikuwa pembe ya nyati, na mpigaji wake alizunguka mitaa akiipuliza, akasimama penye njia panda, akanadi aliyotumwa kunadi, kisha akaendelea mtaa wa pili. Na kutokana na desturi hiyo tumerithi methali isemayo kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Pembe hii isichanganywe na siwa, ambazo mbili mashuhuri, ya shaba ya Lamu na ya pembe ya ndovu ya Pate, zingali zimehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu hata leo. Siwa ilikuwa ya enzi na ya harusi za wakubwa, ikapigwa kwa idhini na kwa taadhima. Mbiu ilikuwa ya watu wote, haikuwa na nakshi wala thamani, na labda ndiyo sababu wasafiri wa kigeni waliojaza vitabu vyao sifa za siwa hawakushughulika nayo sana.

Lakini pembe ni chombo tu, na uzito wa tangazo ulitoka kwingine. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani na Carl Velten mwaka 1903, ametuachia maelezo ya vyeo vya miji ya Mrima, majumbe na mashaha, mawaziri na maamiri, pamoja na ada na heshima za kila mmoja. Na mwenye kuyasoma kwa utulivu ataona kwamba jumbe hakuwa mfalme wa kuamuru apendavyo, bali mkuu aliyelazimika kukaa na wenziwe katika shauri, akasikiliza na kusikilizwa. Kwa hiyo aghalabu neno lililonadiwa njiani lilikuwa mwisho wa mazungumzo yaliyokwisha kufanyika barazani, na mwenye swali au malalamiko alijua ni kibaraza cha nani akaketi, akaamkia, akauliza. Hilo ndilo ninaloliona kuwa uti wa mgongo wa desturi yote: tangazo lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa akionekana.

Enzi ya masultani wa Unguja ilileta karatasi. Barua za Sultani, zenye muhuri na hati za Kiarabu, zilipelekwa kwa maliwali wa miji ya pwani, nao wakaziagiza zisomwe mbele ya watu. Kwa njia hiyo yalienea maneno mazito kabisa: amri za Seyyid Barghash za mwaka 1876 zilizokataza misafara ya watumwa kwa njia ya bara, na ilani ya Seyyid Ali bin Said ya tarehe 1 Agosti 1890, iliyobandikwa forodhani Unguja na kupiga marufuku biashara ya kuuza na kununua watu. Hata hivyo, karatasi yenyewe ilikuwa amana tu ya maneno. Wengi hawakujua kusoma, na waliojua waliwasomea wengine, hata ilani ya dola ikawa tena sauti kabla ya jua kuchwa.

Jinsi watu wa Mrima walivyoishika adabu hiyo ya kutangaziana ilidhihirika mwaka 1888, ilipovunjwa. Kwa mkataba wa tarehe 28 Aprili mwaka huo, Seyyid Khalifa bin Said aliwakabidhi Wajerumani wa kampuni ya Afrika Mashariki usimamizi wa ushuru na utawala wa pwani, na mwezi wa Agosti maajenti wa kampuni wakashuka mijini kutwaa madaraka. Huko Pangani alikuwa Emil von Zelewski, ambaye hakuona haja ya shauri lolote: alitaka bendera ya kampuni ipandishwe, liwali amtii yeye, na wenye mashamba wathibitishe milki zao kwa hati, katika nchi ambako mipaka ya shamba ilijulikana kwa minazi na kwa ushahidi wa majirani. Liwali alisema hawezi kufuata amri ambazo hakuzipokea kwa Sultani wake. Jibu alilopata ni askari waliotoka manowarini, na habari ya Mjerumani kuingia msikitini na mbwa wake ikasimuliwa pwani nzima. Najua kwamba vita vya Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani, vilivyomfikisha Abushiri mwenyewe kwenye kitanzi hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889, vilikuwa na sababu nyingi, za biashara, za heshima na za dini. Lakini nashikilia kwamba mojawapo, nayo si ndogo, ilikuwa namna ile ya kutangaza: watu waliambiwa habari za mali zao na mji wao na mtu wasiyeweza kumwendea kibarazani.

Wajerumani walijifunza kwa gharama kubwa. Dola ilipoishika nchi badala ya kampuni, ilirudisha maliwali, ikaweka maakida, na kodi ya nyumba ilipoanza kutozwa mwaka 1898 hao ndio waliopita vijijini kuieleza na kuikusanya, ingawa maelezo hayakuipunguzia uchungu wake. Pamoja na hayo serikali iliacha pole pole hati za Kiarabu, ikachukua hati za Kilatini, na katika skuli yake ya Tanga, iliyofunguliwa mwaka 1892, vijana wakafundishwa kusoma, kuandika na hata kuchapa. Hapo ndipo lilipozaliwa gazeti la *Kiongozi*, mwaka 1904, likadumu mpaka vita vikuu vya kwanza vilipolikatiza.

Gazeti hilo lilikuwa la serikali, na halikujificha. Amri na sifa za watawala zimejaa humo. Lakini baina ya hizo mna habari zilizopelekwa na walimu, makarani na watu wengine wa miji waliosoma: mvua zilivyonyesha, nzige walivyopita, simba aliyesumbua watu, bwana mkubwa aliyewasili na namna alivyopokewa, mzee aliyefariki na watu waliomzika. Mwenye kutafuta mambo makuu atazipitia kwa haraka, naye atakuwa amekosea. Kwa gazeti hilo mtu wa Tanga aliweza kujua kwa maandishi, kwa lugha yake, hali ya mtu wa Lindi. Na humo habari ilitoka mjini kwenda juu kwa watawala, haikushuka tu kutoka kwao.

Waingereza waliifuata njia hiyo walipoanzisha *Mambo Leo* mwezi Januari 1923, gazeti la kila mwezi lililotolewa Dar es Salaam na idara ya elimu. Wapenzi wa fasihi hulikumbuka kwa mashairi yake, maana humo zilichapwa kazi za Shaaban Robert. Mimi nalikumbuka kwa habari za miji. Toleo moja halikuwa la mtu mmoja. Lilisomwa kwa sauti barazani, likapita mkono hata mkono, na msikilizaji asiyejua alifu wala be aliweza kubishana juu yake kama aliyelinunua.

Redio ilipoanza Dar es Salaam na Unguja mwaka 1951 ilirudisha sauti iliyokuwa imepungua, na hakuna sehemu iliyopendwa na kuheshimiwa kama matangazo ya vifo, ambayo jamaa waliotawanyika visiwani na bara waliyategemea ili wawahi maziko. Wakati huo utawala wa miji nao ulikuwa ukibadilika: mabaraza ya miji na wilaya yalipewa sheria yao mpya Tanganyika mwaka 1953. Yakavunjwa katika mpango wa madaraka mikoani ulioanza mwaka 1972, na kwa miaka kadhaa mjumbe wa nyumba kumi ndiye aliyebisha hodi na kueleza kuna nini; kisha ya miji yakarudishwa mwaka 1978, na ya wilaya kwa sheria za mwaka 1982.

Leo katika mji mdogo wa pwani tangazo la halmashauri hubandikwa ubaoni penye ofisi ya kata au ya serikali ya mtaa: upimaji wa viwanja, leseni za biashara, chanjo, sheria ndogo za usafi wa soko. Nimesoma mengi ya hayo, na ninasikitika kusema kwamba yako yaliyoandikwa kana kwamba msomaji wake ni karani wa ofisi ya pili. Kumbukumbu namba imekaa juu, kifungu cha sheria kimetajwa, na siku ya mwisho ya kuleta pingamizi, ambayo ndiyo haki ya mwananchi, imefichwa mstari wa chini. Mwenyekiti wa mtaa aliye mwangalifu hukodi gari lenye kipaza sauti, likapita uchochoroni likiyasema yale yale kwa maneno ya watu. Na ubao hauwezi kuulizwa. Lakini mkutano unaweza, na sheria inakitaka kila kijiji kifanye mkutano wake mkuu angalau mara moja kila miezi mitatu, ambamo mapato na matumizi husomwa kwa sauti mbele ya walioyatoa, na yeyote kati yao ana ruhusa ya kusimama akauliza fedha ya kisima imekwenda wapi.