Bastola na kutu: Ni mpako upi unaodumu ukiishi Pwani?

Una bastola yenye kibali, unaibeba kiunoni kila siku, na unaishi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam. Kabla haijakutana na mwizi yeyote, silaha hiyo inakutana na jasho lako na hewa ya chumvi kuanzia asubuhi hadi jioni.

Chumvi huharakisha kutu. Ikianzia upande unaogusa mwili, unaweza usiione mpaka imeshachimba vishimo kwenye chuma. Ikiingia kwenye chemba au njia ya pini, bastola inaweza kukwama siku unayoihitaji. Kwa hiyo mpako si urembo tu.

Hizi ndizo aina kuu, na kila moja inakufaa au kukuangusha wapi.

1. Buluu

Ndiyo ile rangi nyeusi yenye mng'ao wa buluu kwenye silaha za zamani. Chuma huchemshwa kwenye chumvi za alkali, karibu nyuzijoto 140 za Selsiasi, na uso wake hugeuka oksidi nyeusi. Yaani ni kutu nyeusi iliyotengenezwa makusudi ili kuzuia ile nyekundu. Inapendeza, lakini bila mafuta kinga yake ni ndogo. Dawa ya buluu ya kupaka kwa kitambaa ni dhaifu zaidi, ni ya kuficha mkwaruzo tu.

2. Fosfeti

Rangi yake ni ya kijivu, haing'ai. Uso wake una vinyweleo vinavyoshika mafuta, na hiyo ndiyo siri yake. Jeshi la Marekani liliitumia sana katika Vita vya Pili vya Dunia. Ikikauka mafuta, imekwisha kazi.

3. Nikeli na kromu ngumu

Hizi huwekwa kwa kuchovya. Kromu hutumia umeme. Kromu ngumu haikwaruziki kirahisi, ila ina nyufa ndogo sana ambazo chumvi inaweza kupenya. Nikeli iliyowekwa vibaya hubanduka, na dawa za kusafishia mtutu zenye amonia zinaweza kuiharibu.

Angalizo: kazi hii inaweza kuingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu, hasa springi, kikawa rahisi kuvunjika. Usimpelekee fundi wa kung'arisha rimu za magari.

4. Seramiki

Hii ni kama Cerakote. Hunyunyiziwa kama rangi, kisha huokwa kwenye oveni. Aina inayotumika sana kwenye bastola huokwa kwa nyuzijoto 120 hivi kwa saa mbili. Inazuia chumvi vizuri sana na rangi zipo za kila aina. Tatizo ni kwamba imekaa juu ya chuma, kwa hiyo kingo zinazosuguana na ala huanza kulika. Na uso usiposafishwa na kukwaruzwa kwa mchanga maalumu kabla, itabanduka mapema.

5. Naitraidi

Hapa nitrojeni na kaboni huingizwa ndani ya uso wa chuma kwa joto kali, zaidi ya nyuzijoto 500. Glock ndiyo iliyoifanya ijulikane, baada ya bastola yake kukubaliwa na jeshi la Austria mwaka 1982. Kwa kuwa ni sehemu ya chuma chenyewe, haibanduki. Lakini joto hilo linaweza kuharibu chuma kisichofaa, hivyo ni bora uinunue ikiwa imeshafanyiwa kiwandani.

Vipi chuma cha pua?

Smith & Wesson walitoa bastola ya Model 60 ya chuma hiki mwaka 1965. Hakihitaji mpako, lakini usidanganyike: kwa jasho la kila siku nacho hushika kutu, ila taratibu.

Sasa uchague ipi?

- Unanunua mpya na utaibeba kila siku: naitraidi.
- Unayo ya zamani na mpako umechoka: seramiki kwa fundi anayeijua kazi.
- Inakaa kwenye sefu, hutoki nayo: buluu au fosfeti inatosha, mradi mafuta hayakauki.

Kabla ya kumkabidhi fundi

Mpeleke fundi au muuzaji wa silaha mwenye leseni, si rafiki mwenye kompresa gereji. Rangi ikiingia kwenye njia ya pini au kwenye usalama wa bastola, silaha inaweza kugoma au kuwa hatari kwako.

Muulize mambo matatu: sehemu zipi zitafunikwa zisipakwe, springi zitafanywaje, na namba ya silaha itabaki inasomeka? Kibali chako kimefungwa kwenye namba hiyo. Ikifutika, una kesi, hata kama mpako umetoka safi kabisa.

Na ukishapaka?

Hakuna mpako unaokusamehe uvivu. Ukirudi nyumbani, toa magazini, hakikisha chemba haina risasi, futa jasho kwa kitambaa kikavu na upake mafuta kidogo. Usiilaze kwenye ala ya ngozi usiku kucha, maana ngozi hushika unyevu. Dakika mbili tu, na bastola yako itakaa miaka mingi.