Nani aliyeanzisha Taveta?

Septemba 1884, Mwingereza wa miaka 26 aliyetumwa Kilimanjaro kukusanya mimea na wanyama aliwatia wazee wa Taveta katika mkataba. Jina lake Harry Johnston. Haki alizodai kupewa ziliangukia mikononi mwa wafanyabiashara wa kwao, zikaja kuwa tegemeo la Kampuni ya Imperial British East Africa. Wapo wanaoanzia hapo historia ya mji huu wa Kenya.

Ajabu ni kwamba Johnston alikuta watu, mashamba na soko. Mwaka mmoja kabla yake, mpelelezi Joseph Thomson alipumzika hapo na msafara wake kabla ya kuingia Umasaini. Na Thomson mwenyewe alifuata njia ya Waswahili wa pwani waliokuwa wakizifuata pembe za ndovu. Msafara ukishavuka nyika kavu ya Taru, maji ya Mto Lumi na ndizi za Taveta zilikuwa uhai. Wafanyabiashara walijenga vibanda vyao, wakapumzika, wakatunga shanga za kufanyia biashara mbele ya safari. Basi mzawa wa Mombasa akidai kwamba babu zake ndio walioufanya Taveta kuwa kituo, hadanganyi.

Lakini kituo hicho kilikuwa na wenyewe. Wataveta husimulia kwamba koo zao zilitoka Upare, Uchaga, Taita na Ukambani, zikajificha katika msitu wa Lumi ambako njia nyembamba ziliwazuia wavamizi. Lugha yao ina udugu wa karibu na Kipare. Kwangu mimi hawa ndio waanzilishi, ingawa hata kati yao kuna swali la nani alitangulia, na swali hilo si la fahari tu: anayetangulia hudai ardhi.

Mpaka ni habari nyingine. Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886 yalichora mstari kutoka mlango wa Mto Umba hadi Ziwa Jipe, ukavuka Lumi na kupita katikati ya Taveta na Uchaga. Mlima Kilimanjaro ukabaki upande wa Wajerumani, lakini ile hadithi kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake Wilhelm mlima huo haisimami, maana Wilhelm hakuwa Kaisari hadi mwaka 1888. Karatasi ya Johnston ndiyo iliyowasaidia Waingereza kung'ang'ania Taveta. Hakuanzisha mji, aliufanya wa mpakani.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliuteka mji Agosti 1914, wakafukuzwa Machi 1916, na reli ya kijeshi kutoka Voi ikafuata majeshi. Kisha mlowezi Mwingereza Ewart Grogan akajitwalia ardhi kubwa na kupanda mkonge. Ndiyo maana, hadi leo, mabishano kuhusu mwanzo wa Taveta hayachukui muda kugeuka kesi ya mashamba: mwenyeji akitaja msitu wa babu zake, mwenye shamba humwonyesha hati.