Kutoka Makina hadi Kawangware kwa Miguu

Kila wiki lazima mtu aniandikie: wewe si ni wa Nairobi, tupeleke basi Kibera, tuone huo mtaa wa mabanda mkubwa kuliko yote Afrika, watu milioni moja. Sawa. Jumamosi iliyopita nilienda. Ila simu ilikaa mfukoni karibu siku nzima, na nitawaambia kwa nini.

Kwanza hiyo milioni. Sensa ya 2009 ilipata watu 170,070 Kibera. Hata ukisema makarani waliruka nyumba kadhaa, kutoka hapo hadi milioni ni mbali sana. Lakini milioni inauza. Mimi mwenyewe nimewahi kuiandika kwa vidio yangu moja, kwa hivyo hapa sirushii mtu mawe.

Tulikuwa watatu: mimi, beshte wangu Mnubi aliyezaliwa Makina, na mwingine wa Kawangware tuliyeanza naye chuo kabla sijaacha. Tulianzia kwa nyanya yake huyu wa Makina. Chai ya maziwa, gurusa za moto, halafu mimi na ujinga wangu nikatoa simu nianze kurekodi. Nyanya akanitazama tu. "Mjukuu wangu, ukishaonyesha watu choo changu, utakuwa umewaonyesha nini?"

Nikairudisha mfukoni.

Huyo mama ndiye aliyenipa somo ambalo shuleni tulilipita mbio. Jina lenyewe ni Kibra, Kinubi cha msitu. Mababu zao walikuwa askari kutoka Sudan waliobaki na Emin Pasha. Mwaka 1891 Lugard akawachukua wapigane upande wa Waingereza Uganda, na baadaye wengi wakawa King's African Rifles, jeshi lililoundwa 1902. Walipozeeka hawakurudishwa walikotoka. Waliwekwa hapa, kwenye msitu pembeni mwa mji mdogo wa reli, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikatangaza ekari 4,197 kuwa ardhi ya jeshi.

Hapo ndipo shida ilipozaliwa. Askari alipewa kibali cha kukaa. Hati hakupewa. Akajenga, akalima, akazika watoto, akaswali msikitini, lakini kwenye makaratasi alikuwa mtu anayekaa kwa hisani ya Mfalme. Uhuru ulipokuja, Mfalme akaenda na hisani ikabaki. Beshte wangu alipotimiza miaka 18 alikaa mbele ya kamati aeleze yeye ni Mkenya wa wapi, ndiyo apate kitambulisho. Familia yake iko Makina zaidi ya miaka mia moja.

Tukatoka tukasimama kando ya reli. Akaanza kuninyoshea kidole: Jamhuri kule, Ayany, Olympic, Ngei, Otiende. "Zote hizo zilikatwa kwa Kibra yetu." Mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwapa Wanubi hati ya ardhi ya jamii: ekari 288. Nikapiga hesabu palepale. Haifiki asilimia 7. Nyanya alilia siku hiyo, akasema beshte, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kama ni furaha.

Na hapo bado hujawataja Waluo, Waluhya, Wakamba na wengine waliolipa kodi Kibera miaka thelathini, arobaini. Hao hati ya jamii haiwahusu. Tulivuka ile barabara mpya ambayo nyumba na shule zilibomolewa kwa ajili yake, Julai 23, 2018. Utamwonyesha tingatinga karatasi gani?

Tukapita Toi (nikanunua jaketi, nisiwadanganye), tukashika Ngong Road hadi Dagoretti Corner, kisha Naivasha Road mpaka Kawangware. Ukiangalia kwa macho tu utasema ni kulekule: mabati, mutura, mathree za 46 zikipiga honi, mtaro wa maji meusi. Wageni hupiga picha zilezile.

Lakini hii ilikuwa rizavu ya Wakikuyu, upande wa Kiambu. Mashamba yalipimwa na kusajiliwa miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, na mwaka 1963 mipaka ya Nairobi ikasukumwa ikaimeza Dagoretti. Mtu alilala mkulima, akaamka yuko jijini na hati sandukuni. Akang'oa mahindi, akapanda vyumba vya mabati. Sasa wajukuu wake wanang'oa mabati wanapanda ghorofa.

Beshte wa Makina akasema, kwa wivu kidogo, "Nyinyi angalau hamvunjiwi."

Yule wa Kawangware akacheka. Wazazi wake walitoka Vihiga, yeye kazaliwa hapo Gatina, na hii ni plot ya tatu wanaondolewa. "Tunavunjiwa, ila sisi hupewa notisi."

Wakaanza kubishana mbele yangu nani ana afadhali, na nikashindwa kuamua. Naona hivi: Kibera serikali ndiyo yenye ardhi na inajifanya haioni watu. Kawangware mwenye ardhi anajulikana kwa jina, unamwamkia kila mwezi ukimlipa. Tunavyoziita zote mbili slamu tu, tunamfichia kila mmoja wao kosa lake.

Jioni tulifika kwao. Chumba cha kumi kwa kumi, mamake tayari anakunja mapazia, kwa sababu plot inavunjwa mwisho wa mwezi. Ndugu yangu akaniambia, "Sasa toa simu." Nikarekodi dakika nne: mlango, ukuta uliobandikwa magazeti, alama za kalamu za urefu wake na dada yake, mamake akituambia tutoke tunamzuilia mwanga.

Hiyo vidio siiweki hapa. Nimemtumia yeye.