Gurudumu la Tano

Chukua gari dogo la Kijapani lililoshuka Kilindini majuzi, Demio au Aqua. Fungua buti, inua zulia. Mara nyingi, pale ulipozoea kuona spea utakuta sponji imechongwa vizuri, na ndani yake chupa ya gundi na kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la kuchajia simu. Basi. Hakuna jeki, hakuna spana, hakuna tairi. Muuzaji atakwambia ndiyo mambo ya kisasa hayo. Swali langu ni hili: kisasa cha wapi?

Tuanze mbali kidogo, maana watu hudhani gari lilizaliwa na magurudumu matano. Sivyo.

Kabla ya tairi kulikuwa na mmea. Neno mpira, tunalolitumia kwa kandanda, kwa bomba la kumwagilia na kwa tairi, ni jina la mmea unaotambaa mitini katika misitu ya pwani yetu. Wataalamu wanauita Landolphia. Watu waliuchanja, wakaviringisha utomvu wake kuwa madonge, na madonge yakapitia Unguja kwenda Ulaya. John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja, aliipigia debe biashara hiyo hadi aina moja ya mmea ikapewa jina lake.

Mwaka 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alisajili tairi lake la kujazwa upepo. Lilikuwa la baiskeli. Miaka saba baadaye ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin, walilitia tairi la upepo kwenye gari na kuingia mashindano ya Paris hadi Bordeaux na kurudi. Hawakushinda. Muda mwingi waliutumia kando ya barabara wakiziba pancha. Lakini ulimwengu ulikuwa umeona, na kila mtu akataka mpira. Nani alilipa? Kongo ya Mfalme Leopold, kati ya 1885 na 1908, vijiji vilipangiwa kiasi cha mpira cha kuleta. Wasiokifikisha walichapwa, walishikwa mateka, wengine walikatwa mikono. Huwezi kusimulia historia ya tairi ukaruka hapo.

Sasa, magari ya mwanzo hayakuwa na spea. Gurudumu lenyewe halikutoka kirahisi. Ukipata pancha, unalichokonoa tairi kwa vyuma, unatoa tyubu, unaziba, unarudisha, unapiga pampu kwa mkono. Barabara zilikuwa za farasi, na farasi huangusha misumari ya kwato. Mwaka 1904, mjini Llanelli huko Wales, Thomas Morris Davies alitengeneza rimu isiyo na spoku, yenye tairi lililokwisha kujazwa upepo, ya kubana juu ya gurudumu lililotoboka. Duka lilikuwa mtaa wa Stepney, na kifaa kikaitwa hivyo. Hadi leo ukienda India au Bangladesh, spea inaitwa stepney. Fundi wa Dhaka anautaja mtaa wa Wales kila siku bila kujua.

Kwa hiyo spea ilizaliwa kwa sababu moja: barabara mbovu, na msaada uko mbali. Tulishike hilo.

Baadaye barabara za wakubwa zikatengenezwa. Tairi la radial, lililosajiliwa na Michelin mwaka 1946, likawa gumu zaidi. Spea ikaanza kukonda. Ikaja ile nyembamba ya dharura, ambayo hupaswi kuzidisha kilomita 80 kwa saa. Kisha ikaondolewa kabisa. Shirika la wenye magari la Marekani, AAA, lilihesabu mwaka 2015 na kukuta asilimia 36 ya modeli mpya za mwaka ule zinauzwa bila spea. Sababu ilikuwa uzito: gari jepesi hunywa mafuta kidogo, na kampuni zinabanwa na sheria za mafuta na moshi. Kwenye haibridi kuna betri pia, nayo inataka nafasi.

Si sababu za kijinga hizo. Ukiishi Nagoya, au hata Nairobi karibu na mafundi kumi, kilo kumi na kitu za chuma unazozibeba miaka mitano bila kuzigusa ni hasara. Na tuseme ukweli, spea nyingi za hapa kwetu ni mapambo. Zimekauka, hazina upepo, nyingine zina pancha ya mwaka jana. Mtaani ukimwita mtu spea umemtukana: ni yule asiyepigiwa simu mpaka mambo yaharibike.

Lakini njoo Matuga.

Ukishuka feri Likoni ukaenda Ng'ombeni, Waa, Tiwi, uko kwenye lami, na kila kituo kina kijana mwenye kompresa na beseni la maji la kutafutia tundu. Hapo chupa ya gundi inatosha, pengine huihitaji. Kata kulia pale Kombani. Hadi Kwale mjini bado ni sawa. Halafu endelea: Mkongani, Kubo, au teremka Golini kuelekea Kinango. Huko vijana wa kompresa wanaadimika, na jiwe halikutoboi tundu dogo la msumari, linakupasua ubavuni. Gundi ile imetengenezwa kwa tundu dogo kwenye sehemu inayokanyaga barabara. Ubavu ukipasuka, unajaza gundi na inamwagika chini kama maziwa.

Na barabara hiyo ya Golini inapita kati ya hifadhi ya Shimba Hills na hifadhi ya jamii ya Mwaluganje. Ndovu wana njia yao hapo, nao hawangoji gari la kuvuta lifike kutoka Mombasa. Kukwama saa mbili za usiku na mama mwenye uchungu kiti cha nyuma, mnaelekea hospitali ya Kwale, hakufanani na kukwama mbele ya duka kubwa la mjini.

Mambo haya hayajaamuliwa hapa. Kanuni ya Kenya, KS 1515, hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na wengi wetu tunanunua lililokaribia mpaka huo. Yaani mhandisi aliyeitoa spea miaka saba iliyopita, akifikiria barabara za kwao, ametoa spea ya Mkongani pia. Tairi lenyewe siku hizi tunaagiza: kiwanda cha Nairobi kilichojulikana kwa Firestone, baadaye Yana, kiliacha kutengeneza matairi mwaka 2016. Mpira tuliuza madonge, sasa tunanunua duara.

Ukitaka ushahidi zaidi, tazama Safari Rally iliyorudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 kule Naivasha. Magari yale ni ya kisasa kuliko chochote tutakachoendesha, kila gramu inahesabiwa. Na bado madereva hubeba spea mbili. Hawabebi kwa ushamba. Wameiona barabara.

Kwa hiyo msimamo wangu: kama gari lako halitoki kisiwani Mombasa, kaa na gundi yako, ila soma tarehe kwenye chupa, maana huisha muda baada ya miaka michache. Akiba haiozi, walisema wahenga, lakini hawakuwahi kuona chupa ile. Kama unapanda Shimba, nunua rimu na tairi la saizi yako, jeki na spana, hata kama vitakula nafasi ya mizigo. Soma zile tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kila ukijaza mafuta, jaza na spea upepo. Na ujifunze kubadilisha mwenyewe, dada na kaka, siku ya jua, nyumbani, ukiwa huna haraka.

Na ukienda yadi kununua gari, kabla ya kuuliza redio na kamera ya nyuma, inua zulia la buti. Kama hakuna kitu chini, punguza bei. Umeuziwa gari la magurudumu manne pekee.