Wimbo wa kijana wa Kasha ukifika kwenye radio: nani anapata nini?

Wasikilizaji wengi wa Bukavu wanafikiri kama wimbo unapita kwenye radio kila siku, basi mwenye kuuimba anapata pesa. Wengine wanasema ni kinyume: mwimbaji ndiye anayelipa radio ili apitishwe. Mambo yote mawili inatokea. Lakini kwa radio za jamii za huku mashariki, mara nyingi hakuna anayelipa mwenzake. Kijana anashuka kutoka Kasha na flashi kwenye mfuko, ama anatuma wimbo kwa WhatsApp, mtangazaji anausikiliza kidogo, unapita kwenye kipindi cha vijana, na habari inaishia hapo. Hakuna karatasi, hakuna sahihi. Wakati mwingine hata jina la mwenye wimbo halitajwi.

Mapatano haya yasiyoandikwa yamedumu karibu tangu radio za jamii zianze hapa kwetu. Yamefanya nyimbo nyingi zijulikane, na yamefanya nyingi zipotee. Vijana wanatuuliza kila mara haki yao iko wapi, kwa hiyo tumeona ni vizuri kueleza jambo hili tangu mwanzo wake.

Kujitegemea bila kuchagua

Kule Ulaya na Marekani, mwanamuziki akisema yeye ni huru, anataka kusema amekataa kusaini na kampuni kubwa. Hapa kwetu hakuna kampuni ya kukataa. Mwanamuziki wa Bagira, Kadutu ama Ibanda ni huru juu hakuna mwenye kumushika mkono: analipa studio mwenyewe, analipa mwenye kupiga picha za klipu, anatembeza wimbo mwenyewe. Studio yenyewe mara nyingi ni chumba kimoja ndani ya nyumba ya watu, na kompyuta, mikro moja, blanketi ama godoro kwenye ukuta ili sauti isirudi. Wenye kuishi na kazi hii wanajua saa za SNEL kuliko SNEL yenyewe. Umeme ukikuja usiku wa manane, ndiyo saa ya kurekodi. Ukikatika katikati ya wimbo, munaanza tena.

Kasha iko ndani ya komuni ya Bagira, pahali mji unaanza kuchanganyika na mashamba kwa upande wa Kabare. Kwa hiyo muziki wa vijana wa kule unachanganyika vilevile: Kiswahili, Mashi na Kifaransa ndani ya wimbo mmoja, na Lingala kidogo kwa kiitikio. Tusisahau korali za makanisa. Kwa wengi, ile ndiyo shule ya kwanza ya muziki, na ya bure.

Pesa ikikosekana, iko njia ya zamani iliyotoka Kinshasa: kutupa libanga, jiwe, maana yake kutaja jina la tajiri ama mwanasiasa ndani ya wimbo ili naye atoe kitu. Hatuwalaumu, juu studio hailipwi kwa makofi. Lakini wajue kama radio ya jamii inapata shida na nyimbo zile. Siku za kampeni, wimbo unaosifu mgombea mmoja ni tangazo la siasa, hata kama unachezeka. CSAC, baraza linalosimamia vyombo vya habari tangu sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2011, inaangalia kama wagombea wanapewa nafasi sawa. Atakayeitwa kujieleza ni radio. Mwimbaji atakuwa nyumbani.

Radio ambayo si ya serikali wala ya tajiri

Hadi mwaka 1990, sauti iliyosikika rasmi hapa ilikuwa ya serikali ya Zaire peke yake. Tarehe 24 mwezi wa ine mwaka ule, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na polepole mashirika na makanisa wakaanza kufungua radio zao. Radio Maendeleo ilizaliwa Bukavu mwaka 1993, ikisukumwa na mashirika ya raia. Zingine zikafuata, hata vijijini, na leo nyingi zimekusanyika ndani ya RATECO, mtandao wa radio na televisheni za jamii za mashariki mwa Kongo. Radio Okapi watu wengi wanaihesabu pamoja nazo. Kumbe ile ni ya namna ingine: ilianzishwa tarehe 25 mwezi wa pili 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Hirondelle, na ina njia zake za pesa.

Radio ya jamii inaishi na nini? Komunike za vifo, vitambulisho vilivyopotea, matangazo ya duka dogo, salamu za ndoa, na miradi ya mashirika. Mradi wa chanjo ukikuja, kunakuwa esansi ya jenereta kwa miezi fulani. Mradi ukiisha, watangazaji wanarudi kwa kujitolea, na hapo ndipo ile tabia ya kupokea «coupage» inapata nguvu, nauli anayopewa mwandishi wa habari na mwenye kuitisha mkutano. Mwanamuziki akiombwa «kitu kidogo» ili wimbo upite, mzizi ni uleule. Hatusemi ni haki. Tunasema inatoka wapi.

Lakini hesabu moja haifanywi. Radio ina masaa mengi ya kujaza kila siku. Habari inaomba mwandishi, nauli, yunite. Mjadala unaomba wageni. Muziki hauombi kitu: unapanga nyimbo kwa kompyuta na unaenda kula. Ukiondoa muziki kwa wiki moja, radio nyingi za kwetu zingenyamaza nusu ya siku. Ndiyo kusema yule kijana wa flashi anaipa radio kitu cha bei, na radio inakipokea kama ni yeye anayesaidiwa. Sisi wenye kufanya kazi hii tungekubali hilo kwanza, mengine yangekuwa rahisi.

Na antena yenyewe haifiki mbali kama watu wanavyofikiri. Mawimbi ya FM yanaenda moja kwa moja karibu kama mwangaza. Kilima kikisimama katikati, sauti inakatika. Munajua vilima vyetu. Wimbo unaopigwa Bukavu kutwa nzima unaweza kuwa haujulikani nyuma ya mlima wa pili. Anayetaka kusikika Kamituga, Uvira ama Kalehe anapaswa kupeleka wimbo kwa radio za kule, moja baada ya ingine, kwa simu ama mikononi mwa dereva.

Sheria iko, orodha ndiyo haiko

Sheria ya Kongo juu ya haki za watunzi ni ordonansi-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 mwezi wa ine 1986. Inasema mtunzi ana haki juu ya kazi yake kwa sababu tu ameitunga. Haiombi muhuri wala stempu ili haki ile izaliwe. Inamulinda maisha yake yote, na warithi wake miaka 50 baada ya kufa. Radio inayopiga wimbo inapaswa kuwa na ruhusa na kulipa, na malipo yanapitia kwa chama cha watunzi. Zamani chama kile kilikuwa SONECA, kilichoundwa 1969. Tangu 2011 ni SOCODA.

Sasa ginsi gani pesa haifiki Kasha? Sababu ya kwanza ni kwamba radio ndogo haina pesa ya kulipa, na hiyo ni kweli. Sababu ya pili inasemwa kidogo: radio nyingi haziandiki nyimbo gani zimepigwa. Bila orodha, hata kama pesa ingepatikana kesho, hakuna mwenye kujua ni ya nani. Itagawiwa wakubwa wa Kinshasa wenye majina yanayojulikana. Kuandika orodha kunaomba daftari na bic. Na kwa upande wa wanamuziki, wengi hawajajiandikisha kama wanachama wa SOCODA, kwa hiyo chama chenyewe hakiwajui.

Kuna mtego mwingine, na huu unaua urafiki. Mwenye kutengeneza «beat» naye ni mtunzi. Kama hamukuandika chochote siku ya kurekodi, anaweza kuja baada ya miaka miwili kudai sehemu yake, na ana haki. «Beat» iliyochukuliwa bure kwa YouTube ni hatari zaidi: mara nyingi mwenyewe ameruhusu itumike bila biashara tu. Siku wimbo unapoanza kuingiza kitu, anajitokeza na pesa inafungwa. Karatasi moja yenye majina, sehemu ya kila mutu, tarehe na sahihi inatosha kuanza.

Waliotutangulia

Mwenda Jean Bosco, yule mpiga gitaa wa Bunkeya kule Katanga aliyeimba Kiswahili, alirekodiwa mwaka 1952 Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na Hugh Tracey, mtu aliyezunguka na mashine yake Afrika ya kusini na ya kati. Kama Tracey angepita njia ingine, pengine «Masanga» tusingeijua. Sauti zetu za zamani zimebaki juu mgeni alipita.

Remmy Ongala ni mtoto wa Kindu, Maniema, aliyezaliwa 1947. Alienda Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na orkestra Makassy, baadaye akaongoza Super Matimila. Kule, Radio Tanzania ndiyo iliyokuwa studio ya bendi nyingi: ilirekodi, ilipiga, na iliweka kanda kabatini. Bendi zilinungunika juu ya malipo, lakini kanda zilibaki. Radio ileile ilikataa kupiga wimbo wake «Mambo kwa Soksi» kwa sababu ulizungumza kondomu, wakati ukimwi unaua watu. Wimbo ulijulikana hata hivyo, kwa kaseti na kwa dansi.

Wimbo unapomuudhi mutu

Radio za huku zimefungwa mara nyingi. RCD ilifunga Radio Maendeleo mwaka 1999. Mwezi wa sita 2004, wakati askari wa Nkunda na Mutebusi walipochukua Bukavu, radio za hapa zilinyamazishwa tena. Serge Maheshe na Didace Namujimbo, wote wa Radio Okapi, waliuawa kwa risasi hapa mjini, mmoja tarehe 13 mwezi wa sita 2007, mwingine tarehe 21 mwezi wa kumi na moja 2008.

Wanamuziki nao wako ndani ya hesabu hii. Tume ya kitaifa ya kuchunguza nyimbo na maonyesho iko tangu amri ya tarehe 21 mwezi wa pili 1996. Watu wengi walikuwa wameisahau, hadi mwezi wa kumi na moja 2021 ilipokataza «Nini tosali te» ya kundi MPR, kisha katazo likaondolewa baada ya kelele. Radio inayopiga wimbo uliokatazwa inaweza kufuatwa pamoja na mwimbaji.

Delcat Idengo aliimba mengi kwa Kiswahili, juu ya vita na juu ya wakubwa, na alifungwa zaidi ya mara moja. Alitoka gereza la Munzenze siku Goma ilipoanguka, mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025. Tarehe 13 mwezi wa pili alipigwa risasi Goma, akiwa anatengeneza klipu. Ile tarehe ni siku ya radio duniani.

Tangu hapo, mtangazaji anayepokea wimbo anausikiliza mara mbili, mara ya pili kwa woga. Hatuwezi kumwambia kijana aandike nini. Tunaweza kumuomba atueleze wimbo unamlenga nani kabla hatujaupitisha, na asikasirike tukimwambia angoje. Na sisi tusimdanganye kusema eti flashi imeharibika.

Ukileta wimbo

Tuma wimbo kama dokima kwenye WhatsApp, maana ukituma kama sauti ya kawaida unaweza kupungua ubora. Jina la faili liwe na jina lako, jina la wimbo na mwaka. Tuko na mafaili mengi yanayoitwa «audio» na namba, hakuna mwenye kujua ni ya nani. Andika pembeni nani alitunga maneno, nani alitengeneza muziki, na mutu wa kuuliza kama wewe hupatikani. Sema pia kama unakubali wimbo upigwe bila malipo na kwa muda gani. Uko na haki ya kuandika «miezi sita» na kurudi kuzungumza.

Usiache nakala kwa radio peke yake. Kompyuta ya radio inaibwa, inaungua umeme ukirudi kwa nguvu, na vita ikikuja ndiyo ya kwanza kubebwa. Weka moja kwenye flashi nyumbani na ingine kwa ndugu anayeishi kartiye ingine, ama ng'ambo ya ziwa.