Wezi wa Mto Thames

Mwizi akamatwapo, watu huuliza, "Apewe adhabu gani?" Ni wachache waulizao, "Kwa nini wizi umetokea hapa, wala si pengine?" Swali hili la pili ndilo lililobadili mambo katika mto Thames, London, mwishoni mwa karne ya 18.

Siku hizo merikebu kutoka visiwa vya Karibi zilisongamana mtoni kwa wiki nyingi, zikingoja zamu ya kuteremsha shehena, maana gati zilizoruhusiwa zilikuwa chache. Mapipa ya sukari yalishushwa katika matishali, yakalala humo pasipo ulinzi wa kutosha. Makuli nao walilipwa ujira haba, pengine wasilipwe kabisa. Basi walijitwalia sukari iliyomwagika, wakiiita haki yao ya desturi. Wengine walitoboa mapipa makusudi ili imwagike. Sheria iliweza hata kumnyonga mwizi, lakini wizi haukukoma.

Patrick Colquhoun, hakimu, na John Harriott, aliyekuwa baharia, walianza kwa kuchunguza jinsi wizi ule ulivyotendeka. Tarehe 2 Julai 1798 ofisi ya polisi wa mto ilifunguliwa Wapping, na sehemu kubwa ya gharama ililipwa na wafanya biashara wa Karibi. Askari wapatao 50 walizunguka kwa mashua. Makuli waliandikishwa, wakalipwa ujira uliojulikana, na wakapekuliwa watokapo kazini. Mwaka 1800 Bunge liliifanya kazi hiyo kuwa ya serikali. Mwaka 1802 ilifunguliwa bandari ya West India Docks, yenye ghala kando ya maji na ukuta wa futi 20 hivi kwenda juu. Kungoja mtoni kukapungua, na nafasi ya kuiba ikapungua pia.

Hata hivyo, haki haikuwa ya upande mmoja. Sukari ile ilitokana na jasho la watumwa, na wenye kulalamikia kuibiwa hawakujiuliza juu ya dhuluma hiyo iliyo kubwa zaidi. Tena desturi ambayo maskini waliizoea tangu zamani iligeuzwa kosa kwa muda mfupi. Mwezi Oktoba 1798, baada ya wapakuaji wa makaa kutiwa hatiani, umati uliishambulia ofisi ya Wapping, na watu wakafa pande zote mbili.

Mwaka 1979 mtaalamu wa Marekani, Herman Goldstein, aliandika kwamba polisi wasijihesabie ushindi kwa wingi wa watu waliokamatwa. Alitaka kila tatizo lichunguzwe peke yake: sababu zake, wanaoumizwa nalo, na njia mbalimbali za kuliondoa, kisha ipimwe kama limepungua kweli. Fikira hiyo inafanana na ya Colquhoun, lakini kisa cha Wapping chatufundisha kuongeza swali moja: je, wote wanaohusika wamesikilizwa?

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Nawe, msomaji, vitabu vikipotea darasani, usikimbilie kudai fimbo. Uliza kwanza hupotea saa ngapi, mlango hufungwa na nani, na ni nani asiyekuwa na kitabu chake mwenyewe. Huenda jibu likawa kufuli. Huenda likawa kitabu kimoja zaidi.